Gemu ya kumlipizia bosi: kumbukumbu za mradi wangu, wiki ya 1 mpaka ya 6

Wiki ya 1

Nimeanza rasmi. Gemu ya maandishi matupu, hamna picha hamna sauti, unasoma uko wapi, unaandika unachotaka kufanya, inakujibu. Uko duka la vifaa vya ujenzi, bosi kakutimua kwa mdomo mbele ya wateja saa nne asubuhi, na kabla hujatoka getini una muda kidogo wa kumfanyizia. Ndo gemu yote. Wazo limetoka wapi sina haja ya kulizunguka, nimefanya kazi sehemu ya hivyo mwaka mmoja na miezi nane, ukichelewa dakika kumi elfu tano imeenda, mshahara wa tarehe 30 unaupata tarehe 12 tena kwa mafungu kama mchango wa harusi. Duka silitaji, na bosi wa kwenye gemu nimembadilisha, nimempa kitambi na mashati ya kitenge ambayo yule wa kweli hakuwa nayo. Kitu cha kweli nilichobakisha ni kikombe. Kikombe cha bati, kikubwa, hakiguswi na mtu, na siku nilipokiosha kwa bahati mbaya pamoja na vingine nilisemwa mpaka jioni.

Naandika kwa Python, lugha ya kompyuta, kwenye simu kwa app ya Pydroid, laptopu ya kuazima naipata wikiendi tu. Vyumba vinne: kaunta, stoo, ofisi ya bosi, na uwani kwenye mbao na nondo. Kutembea kunafanya kazi.

Wiki ya 2

Kabla ya kuendelea nikasoma wakubwa walifanyaje. Gemu iliyoanzisha mambo haya ni Adventure ya Will Crowther, 1976, Mmarekani mmoja mtu wa kupenda kuingia mapangoni, akachukua pango analolijua la Kentucky akaligeuza gemu, mwaka uliofuata Don Woods akaiongezea. Sasa ile gemu ilikuwa inaangalia herufi 5 za mwanzo tu za kila neno. Siyo uvivu, kompyuta yao PDP-10 ilikuwa inahifadhi vitu kwa vipande vya biti 36 (biti ni 0 au 1 moja), herufi moja inakula biti 7, zinaingia 5, ya sita haina pa kukaa. Nikasema safi sana, na mi nakata herufi 5, watu wakikosea mwisho wa neno kwenye simu gemu inawaelewa tu.

Jumamosi nikampa binamu yangu. Kamvizia bosi mpaka kaingia stoo kuhesabu saruji, akaandika

mfungie bosi stoo

gemu ikajibu: Umemfungulia bosi mlango. Anatoka, anakuuliza bado upo hapa unafanya nini.

Binamu akaniangalia tu. Mfungie, mfungulie, kata herufi 5, zote ni mfung. Nikakaa nikacheka afu nikaacha kucheka, maana hilo siyo kosa la kuziba kwa mstari mmoja wa programu. Sisi kufunga na kufungua shina moja, tofauti iko mkiani, na mkia ndo nilikuwa naukata. Na kichwani kuna m inayosema nani anafungiwa. Yaani neno la Kiswahili unaweza kulikata katikati likapona, ila siyo mwisho.

Nimefuta kazi ya siku nne.

Wiki ya 3

Kile kipande cha kuelewa sentensi nakiita mkalimani. Mkalimani mpya anafanya hivi: anatazama mwanzo wa neno kama kuna m, ki, li, u, i, zi na wenzao, anaing'oa, anaangalia kilichobaki kama ni kitendo anachokijua. Kichukue, ng'oa ki, bado chukue, geuza e iwe a, chukua. Raha. Na hapa nikagundua kitu ambacho Kiingereza hakina, wao wana neno moja, it, la kurudia kitu chochote, kwa hiyo gemu zao lazima zikumbuke mara ya mwisho ulitaja nini. Kwangu mezani kuna kikombe, daftari na ufunguo, mchezaji anaandika kichukue, lichukue, au uchukue, na gemu inajua hapo hapo bila kuuliza. Ngeli zile tulizochapwa viboko shuleni leo zinanifanyia kazi bure.

Isipokuwa msumari. Msumari na ufunguo zote ni uchukue. Nilihangaika na hilo jioni nzima, mwisho nikaugeuza msumari kuwa misumari, ichukue, yameisha. Stori imebadilika kwa sababu ya ngeli na hamna mchezaji atakayejua.

Kisha bagi, yaani makosa ya programu, zikaanza. Hizi nimezinakili kama zilivyotoka:

mwaga chai
Unamuaga bosi kwa heshima. Chai imebaki kikombeni.

Aling'oa mw akabaki na aga. Nusu nianguke kitandani.

kimbia
Sijui kumbia.

lipa
Unakipa nini?

Hii ya lipa ndo iliniuma. Kang'oa li, kabaki na pa, yaani mpe mtu kitu. Gemu nzima chanzo chake ni mshahara na yenyewe neno lipa haijui. Dawa ilikuwa ndogo kumbe: neno likiwa na kiambishi cha mtendewa amri inaishia na e, kwa hiyo kama mwisho ni a usiguse mwanzo. Mwaga inabaki mwaga, mwage ndo kumuaga. Maneno ya Kiarabu kama jibu na samehe hayafuati, hayo nitayaandikia orodha kwa mkono. Mwalimu wangu wa Kiswahili kidato cha pili popote ulipo, nilikuwa sisikilizi, nakiri.

Wiki ya 4

Sasa kisasi chenyewe. Mwanzoni nilikuwa na vitendo vya kawaida, weka, ficha, zima, kunywa, na kila aliyejaribu alisema iko poa ila haina utamu. Sikuelewa mpaka nilipoanza kusoma walichokuwa wanaandika wao wenyewe bila kufundishwa. Hakuna hata mmoja aliyeandika ficha funguo. Wameandika mfichie. Mwekee pilipili. Mzimie feni. Mnywee chai yake. Ukiandika weka pilipili umeweka pilipili, kazi ya jikoni hiyo, ila mwekee, hapo kuna mtu na mtu huyo atakoma. Kisasi chote kiko kwenye ile ie, hata neno lenyewe, unalipa, unalipiza, unamlipizia.

Nikarudi nikaandika upya majibu yote. Kila kitendo sasa kina majibu mawili, la kitu na la mtu. Zima feni: Feni imezimwa. Mzimie feni: Feni inapunguza mwendo, inasimama. Bosi anainua macho juu, anafungua kifungo cha shati, anaita jina lako halafu anakumbuka kakufukuza. Kazi imekuwa mara mbili lakini watu wanacheka, na mnywee chai ndo inaongoza, maana kikombe.

Walioandika mpige walikuwa wawili. Sikutaka gemu ya kupigana, na kuandika huwezi kufanya hivyo ni ushamba, kwa hiyo sasa mlinzi anasimama mlangoni, mzee wa watu ambaye mlikuwa mnakula naye mihogo, anakwambia mwanangu usinitie kwenye matatizo. Wote wawili waliacha.

Wiki ya 5

Wiki hii sijacheka sana. Nilikuwa natafuta gemu iishe vipi, nikaanza kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 ili bosi wa kwenye gemu avunje sheria za kweli. Mtu anayelipwa kwa mwezi anatakiwa notisi ya siku 28, siyo kutimuliwa kwa mdomo kaunta. Na ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unaanzia na fomu namba 1.

Siku 30. Nikahesabu za kwangu. Nilizimaliza zote nyumbani, nimekasirika, nawasimulia washkaji nitakavyomfanya.

Basi nikaweka amri 30. Kila unachoandika kinakula moja, gemu haikuambii zimebaki ngapi. Kwenye droo ya ofisini kuna slipu za mshahara zinazoonyesha asilimia 10 yako ya NSSF ilikatwa kila mwezi, na ukiangalia taarifa ya michango hakijaenda kitu, cha kwako wala cha kwake. Ukizichukua na ukatoka getini kabla ya 30 kuna mwisho mwingine kabisa, mrefu, wa foleni na benchi na karani anayekuuliza una nakala? Ukimaliza 30 unamwekea pilipili na kumfichia funguo, unatoka umefurahi, na mwisho wake ni mistari miwili tu. Mwisho wa karani nimeuandika mara tano na bado haujakaa, unanuka hotuba. Nimekata nusu.

Wiki ya 6

Binamu peke yake ndo ana Pydroid, kwa hiyo nimehamisha kila kitu kwenda JavaScript, lugha ya kurasa za intaneti, faili moja la HTML, namtumia mtu WhatsApp anafungulia kwenye simu bila hata bando. Wengine waligoma kulifungua wakidhani virusi. Mama mdogo aliuliza kama ni ya kubeti.

Waliocheza mpaka mwisho ni saba. Mmoja tu ndo kafika kwa karani, na ni dada wa hesabu niliyekuwa nafanya naye kazi pale pale, alienda moja kwa moja kwenye droo kwa amri tatu kama anayeijua ofisi ile, na kweli anaijua. Afu akarudia kuicheza, safari hii akakaa mbele ya bosi, akaandika

msamehe

gemu ikajibu: Sijui kusamehe.

Ni ule ujumbe wangu wa kawaida, neno lisipokuwa kwenye orodha gemu inasema sijui ku- halafu neno, ile ile ya sijui kumbia. Akanipigia. Mdogo wangu, hii umeiandika wewe? Nikamwambia hapana dada, imejiandika. Akanyamaza kidogo akasema basi sawa, tukaongea mengine.

Nimeliweka kwenye orodha ya marekebisho, namba 14, chini ya tatizo la skrini kutoshuka yenyewe kwenye simu ndogo. Leo nimeanza na la skrini.