Leo nimeshika kamba ya mtu
Mwezi wa tatu sasa najifunza ualimu wa kupanda miamba hapa Hell's Gate, Naivasha. Leo, kwa mara ya kwanza, nimesimama chini ya Fischer's Tower, ule mwamba wa volkano wa mita 25 hivi, nikiwa nimeshika kamba ya msichana wa shule. Mkufunzi wangu nyuma yangu, kimya.

Nilikagua fundo lenye umbo la nane, mkanda wa kiunoni, karabina (ile pete ya kuunganishia kamba) kama imefungwa skrubu, kofia ngumu. Nikakagua tena. Alipofika katikati, miguu ikaanza kumtetemeka. "Mwalimu, nataka kushuka!" Nikaikaza kamba, nikamwambia: uko salama, nimekushika, pumua. Simama kwa miguu, mikono huchoka upesi. Akatulia pale dakika nzima, pimbi wakimchungulia kutoka kwenye nyufa. Kisha hatua moja. Nyingine. Akafika!

Nimepanda mwamba ule mara nyingi, lakini sijawahi kusikia moyo ukinidunda hivi. Alipotua chini alinikumbatia na kofia yake kichwani, akauliza kama anaweza kurudia.

Kesho naletewa watoto 12. Siwezi kulala kwa furaha.