Kulifufua Datsun Langu la Plastiki

Polistirini, ile plastiki ngumu ambayo magari madogo ya kuunganisha hutengenezwa kwayo, haiozi wala haishiki kutu, lakini vyote vinavyoizunguka huzeeka, tena kila kimoja kwa namna yake. Gundi hukauka hadi ikavunjika kwa kuguswa tu, rangi hupauka, vioo hugeuka manjano, na vibandiko hupasuka na kubanduka vipande vipande. Datsun 240Z nililoliunganisha ujanani mtaani Walukuba, Jinja, lilikuwa limepatwa na yote hayo nilipolitoa katika sanduku la bati lililokuwa na madaftari yangu ya shule. Ni gari la kipimo cha 1 kwa 24, lenye urefu wa takribani sentimita 17, na alininunulia mjomba wangu, dereva wa malori ya Mombasa, alipopitia Nairobi.

Boksi lilionyesha gari la kawaida la barabarani, lakini mimi nililitaka la Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki. Wasomaji wachanga huenda wasijue kwamba mbio hizo zilipoanza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo historia yake ni yetu pia. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya pamoja na familia yake mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka huo wa 1973 Mehta alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, naye pia akiwa katika Datsun, na ushindi akapewa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mwendo mrefu zaidi kabla ya kupata alama ya adhabu. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mjomba aliyasimulia hayo kama mtu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, nami nikaamini kwamba mshindi huyo ni wetu, hata kama vitabu huandika Kenya mbele ya jina lake. Basi gari langu likapakwa nyekundu, na boneti nyeusi.

Kabla ya kugusa chochote nilipaswa kuamua ninachokifufua ni kipi hasa. Wapo wanaoshauri kwamba gari la zamani livuliwe kila kitu na kuunganishwa upya, lionekane kana kwamba limetoka kiwandani wiki iliyopita. Sikubaliani nao. Anayetaka gari jipya na anunue boksi jipya. Rangi ya nje haikuwa na cha kutetewa, kwa maana ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia milango ya nyumba, nzito kiasi cha kuziba mistari ya milango ya gari, kwa hiyo niliihukumu iondoke. Ndani, hata hivyo, chini ya dashibodi, kuna alama ya kidole gumba iliyochapwa katika gundi iliyomwagika, mistari yake ikisomeka yote ukiimulika kwa tochi. Kidole hicho ni changu cha zamani, na sehemu yote ya ndani nimeiacha ilivyo, isipokuwa kufutwa vumbi.

Kuivua rangi ya nje kunahitaji hadhari, kwa kuwa thina na asetoni, ambavyo fundi wa rangi wa gereji angevishika bila kufikiri, huiyeyusha polistirini yenyewe. Mafuta ya breki hulegeza rangi ya mafuta na kuiacha plastiki salama. Niliyafuata Kisekka, soko la spea za magari hapa Kampala, na muuzaji akaniuliza, "Mzee, ni ya gari gani?" Nilipomjibu kwamba ni ya Datsun 240Z alinitazama kwa huruma, akasema spea za gari hilo nisahau. Bodi ililala ndani ya mafuta hayo katika ndoo ndogo yenye kifuniko, kisha nikalisugua kwa mswaki mzee, nikiwa nimevaa glovu kwa sababu mafuta hayo ni sumu, na mwishowe nikaliosha kwa sabuni hadi maji yakatoka meupe. Mabampa, ambayo mng'ao wake wa kroma ulikuwa umebanduka nusu, yalitosha kulowekwa katika Jik, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na kroma yote ikaachia.

Jambo lililonisumbua kuliko mengine yote ni matairi. Matairi ya magari haya ni ya vinili laini, na ulaini huo hutokana na kemikali iliyochanganywa humo, ambayo kwa miaka mingi hujipenyeza nje polepole. Ikikutana na polistirini huishambulia. Nilipoyavuta matairi, ringi zilikuwa zimelika pande zote, zikabaki na mfereji mtepetevu wenye kunata mahali ambapo ukingo ulipaswa kuwa. Niliukwangua utepetevu huo kwa wembe, nikaziba mifereji kwa uji mzito uliotokana na kuyeyusha masalio ya fremu za plastiki, zile zinazoshikilia vipande vya gari ndani ya boksi, katika gundi ileile ya kuunganishia, nikangoja ukauke kabisa, ndipo nikaupiga msasa kwa maji. Kati ya tairi na ringi sasa kuna utepe mwembamba wa karatasi ya alumini, ili visigusane tena. Dawa hii hutakiwa kufanywa tangu siku ya kwanza ya kuunganisha, lakini maelezo ya ndani ya boksi hayakuitaja.

Taa za ziada za mbele, ambazo boksi halikuwa nazo, nilizitengeneza zamani kwa vizibo vya nyuma vya kalamu za Bic. Nimevipima upya na kukuta kwamba, ukizidisha kwa 24, vinakaribia sana ukubwa wa taa halisi za mbio, jambo ambalo nadhani lilikuwa bahati tupu. Vilikuwa vimedondoka, maana plastiki yake ni ya jamii nyingine ambayo gundi ya polistirini haiiyeyushi. Safari hii nimevitoboa kwa sindano ya moto, nikapitisha waya mwembamba hadi ndani ya bampa, na kuushika kwa epoksi. Rangi yake ya buluu nimeiacha upande wa nyuma.

Rangi mpya ni ya kopo la kupuliza, na hapa Kampala adui yake ni unyevu: ukipuliza mvua ikiwa imetanda, rangi hushika ukungu mweupe, hasa juu ya nyeusi ya boneti. Nilisubiri jua la mchana, nikapuliza matabaka membamba. Nambari za milangoni zilichapishwa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, kwenye stika angavu, na kijana aliyezichapa alitaka kujua kama ninagombea ubunge wa wapi.

Limebaki vumbi. Baadhi ya waunganishaji hununua unga wa rangi ulioagizwa nje ili kuiga vumbi la Afrika, nami ninalo la kweli likiningoja mlangoni. Tatizo lake ni chembe: mchanga usiochujwa, katika kipimo cha 1 kwa 24, huonekana kuwa mawe ya ukubwa wa ngumi. Kwa hiyo nimeisaga murami nyekundu, ule udongo wa barabara zisizo na lami, katika kinu, nikaichuja kwa kitambaa cha soksi ndefu za kike, na kuichanganya na vanishi isiyong'aa. Nitaipaka chini ya milango, nyuma ya magurudumu na kidogo juu ya bampa la nyuma, bila kufika kwenye nambari.