"Dada, una kipya?" Siku moja ya muuza riwaya Tabora

Saa 11 alfajiri

Nasoma. Jiko halijawashwa, watoto wamelala, na huu ndio muda pekee ambao hakuna mtu anayenidai chenji. Nina sharti moja nisilolivunja: riwaya mpya haipandi rafuni mpaka niwe nimesoma mwenyewe kurasa hamsini za mwanzo. Hamsini zinatosha kunionyesha kama mwandishi anajua anakokwenda. Zinanijibu pia maswali ambayo wateja watauliza tu: maandishi yanasomeka bila miwani? Kuna matusi? Inaweza kuachwa sebuleni palipo na watoto? Hadithi inaanza mara moja, au inazunguka kwanza?

Leo ni ya kijasusi. Ukurasa wa tatu maiti imeshapatikana, hapo sawa. Ukurasa wa arobaini bado tunaelezwa suti ya mpelelezi na gari lake, na maiti imesahaulika. Nitaiuza, ila si kwa kila mtu. Yupo msomaji anayependa suti na magari, na huyo nitamkabidhi kwa moyo mweupe.

Saa 1 asubuhi

Uji, watoto shule, kisha nashuka kwa miguu kutoka Isevya kwenda mjini chini ya miembe. "Mwangaluka," ananiamkia mama wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, naitikia, nanunua kifungu cha kutafuna mchana.

Saa 2

Nafungua. Kodi ya fremu hii inalipwa na madaftari, kalamu na vitabu vya kiada, na nashukuru kwa hilo, maana ndivyo vinavyonipa nafasi ya kuweka rafu mbili za riwaya pale mlangoni, mahali ambapo muuzaji mwingine angetundika mabegi ya shule. Nimeziweka pale makusudi. Mtu anayekuja kununua rula lazima apite mbele ya riwaya, na wengi waliokuwa wasomaji wa zamani husimama hapo wakagusa jalada kabla hawajaniambia shida yao.

Saa 3

Boda hadi stendi kuchukua kifurushi kilichokuja na basi kutoka Dar es Salaam. Hapa ndipo penye uchungu wa biashara hii. Waandishi wapya wapo. Wengi hujilipia uchapaji, wakatangaza kitabu kwenye simu, nakala zikaisha Dar kabla Tabora hatujasikia. Kwa hiyo nawaandikia waandishi wenyewe, naomba nakala tano, kumi, nalipa kwa simu, kondakta anabeba. Nikifika dukani nafungua kila nakala na kuipekua, maana kurasa zikirukwa au gundi ikiachia, msomaji hamlaumu mchapaji, anakata tamaa na riwaya za Kiswahili zote kwa pamoja.

Saa 4 na nusu

Anaingia mzee mmoja, mstaafu wa reli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Una kipya?"

Huuliza kipya, lakini akishakipata hukitazama kwa shaka. Amekua na wapelelezi wa vitabuni: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, akaja kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, akahitimisha na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na huwataja hao watatu kama watu aliowahi kupanga nao zamu stesheni. Ukimletea jina geni anakuambia vijana wa siku hizi wana haraka.

Badala ya kumsifia kitabu, nilimuuliza: "Baba, kwa Joram Kiango ulipenda nini hasa?"

Akafikiri. "Akili yake. Bunduki anayo kila mtu."

Basi kazi ikawa nyepesi. Ile ya suti na gari nikaisogeza pembeni, nikamtolea *Kirusi Kipya* ya Halfani Sudy, mwandishi anayefahamika kwa hadithi za kijasusi. Nikamwambia hata Mtobwa, mtoto wa jirani zetu wa Kigoma, aliwahi kuwa jina geni. Sikumwomba anunue. Nilimwomba akae kwenye benchi hapo nje, chini ya mwembe, asome kurasa ishirini, asipoipenda anirudishie.

Nafikiri benchi lile linauza riwaya kuliko maneno yangu yote. Mtu mwenye umri wake hawezi kutoa elfu kumi kwa jina asilolijua, na hana kosa. Ila akishaingia ndani ya hadithi, kutoka ni kazi. Karibu saa sita aliniita kwa dirisha: "Hii bei gani?"

Saa 6 mchana

Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, amekuja wakati wa mapumziko. Anataka riwaya mpya ya klabu yake ya usomaji, "yenye uzito, lakini isiwalaze."

Kwa watu wa aina yake nina desturi ya kufuatilia tuzo. Kuna ile ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo imetupatia waandishi kadhaa tusiowajua. Kuna pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, inayotolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Tuzo haithibitishi kwamba kitabu kitakupendeza. Inathibitisha tu kwamba kuna watu wamekisoma mpaka mwisho wakabishana juu yake, na hilo kwangu ni pa kuanzia pazuri.

Lakini mwalimu huyu nilimpa *Peponi*. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Ni hadithi ya kijana Yusuf, anayetolewa na babake kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni, na baadaye anaingia kwenye msafara wa kwenda bara. Fikiria wanafunzi wa Tabora wanasoma hilo! Misafara ndiyo iliyoukuza mji huu. Njia hiyo inapita chini ya miguu yao; Kwihara, penye nyumba aliyokaa Livingstone, hapa tu nje ya mji. Nilimwonya jambo moja: mwanzo unakwenda polepole, kwa macho ya mtoto, kwa hiyo awaambie wavumilie mpaka msafara uondoke. Akachukua mbili, akaahidi kurudi na fedha ya nyingine tatu mwisho wa mwezi. Nimemwandika kwenye daftari.

Saa 8 mchana

Joto, mji umepoa, michembe. Nafungua simu.

Niseme kitu hapa. Watu husema Watanzania hawasomi. Mimi nipo kwenye makundi ya WhatsApp ambako mwandishi anatuma sehemu ya hadithi usiku, na ikifika "itaendelea", simu zinawaka kwa malalamiko. Watu wanalipia sehemu zinazofuata kwa simu, pesa zao wenyewe, mhudumu wa saluni na dereva wa boda. Hao ni wasomaji. Nami huwafuata huko huko. Nikiona hadithi imepata wafuasi, namwandikia mwandishi faraghani kumuuliza kama itatoka kitabu.

Ila wakija dukani lazima wahudumiwe tofauti. Aliyezoea sehemu fupi za simu ukimpa riwaya ya kurasa mia nne umemfukuza. Huyo anahitaji sura fupi na mwisho wa kila sura unaomvuta. Akimaliza moja, ya pili nampa iliyo nene kidogo, na ya tatu iliyo nene zaidi.

Saa 10 jioni

Sare za shule zinajaa. Madaftari, penseli, karatasi za manila. Katikati ya vurugu hiyo kijana wa kidato cha tatu ananing'ang'ania: anataka ya kutisha, "ile ya kutisha kweli, anti, siyo ya watoto." Nilimuuliza kinachomtisha ni damu au ni kutojua. Akasema kutojua. Nikamwazima *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, ambamo babu aliyekwisha kufa anamrudia mjukuu wake kumhoji juu ya maisha anayoyaishi. Ni ya mwaka 2001, lakini kwake ni mpya, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha.

Mwenzake, msichana mkimya, akauliza kama kuna ya vyombo vya angani. Hapo ndipo rafu yangu inaponitia huzuni. Hadithi za kisayansi kwa Kiswahili ni chache mno, na kila nikiongea na mwandishi kijana namsihi ajaribu. Nilichokuwa nacho ni *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya 1995: mtu aliyehukumiwa anaingizwa kwenye chombo, anafika kwenye dunia nyingine iliyojipanga kwa haki kuliko ya kwetu. Lugha yake inataka utulivu. Nilimwambia hivyo waziwazi, kwa sababu msomaji wa umri ule akikwama bila kuonywa anadhani tatizo ni yeye. Alikaa benchini mpaka mwenzake akamvuta mkono.

Saa 11 na nusu

Muuguzi anayepita kwenda zamu ya usiku hospitali ya Kitete.

"Dada, nipe ya mapenzi. Nimechoka."

Hapo nilikuwa na riwaya za mapenzi tatu mpya mkononi, na ningeweza kumpa yoyote. Nikamuuliza tamthilia gani ya kwenye televisheni imemshika sasa. Akaanza kunisimulia: mama mkwe, mirathi, baba anayewaamulia watoto kila kitu. Katika dakika zote hizo hakutaja wapenzi hata mara moja! Anachokitafuta ni familia, siri za ndani ya nyumba. Nikampa *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda ile tuzo ya Cornell: familia ya Zanzibar, baba mkali, na watu wa nyumbani wanaobeba uzito wake. Nikamwambia mapema kwamba si ya kuchekesha, kwa hiyo kama amechoka sana aianze siku ya mapumziko. Akaipekua, akasoma mistari kadhaa amesimama, akaitia kwenye mkoba kando ya sare.

Mteja akitaja aina ya hadithi ananipa mlango tu. Namsikiliza anavyosimulia kile alichokipenda mara ya mwisho, maana hapo ndipo anapojieleza bila kujua.

Saa 1 usiku

Nafunga, nahesabu. Madaftari yameuza kuliko vitabu, kama kawaida. Riwaya zilizotoka leo naziandika kwa majina ya kazi za wanunuzi, mstaafu, mwalimu, muuguzi, ili wakirudi nijue pa kuanzia maongezi.

Saa 3 usiku

Ugali na mlenda umeshaliwa. Kuna ujumbe kutoka kwa mteja wa Urambo: kesho anapanda treni kwenda Dar, anataka hadithi mbili za njiani, "moja ya kunikesha na moja ya kunituliza." Ya kumkesha ninayo: ile ya suti na gari, maana yeye ni dereva na magari anayapenda. Ya kumtuliza nimemuuliza kwanza atakuwa amekaa na nani, na kama taa ya behewa inamtosha. Nasubiri jibu ndipo nichague.