Maonyesho Ambayo Hayakuwapo

Kwenye ukurasa wa 12 penseli ya mhariri ilikuwa imezungushia sentensi moja tu: "Akiwa na miaka 18 alishinda maonyesho ya kwenda Oxford."

"Maonyesho ya nini, mwanangu?" mama mhariri aliniuliza.

Nilikuwa natafsiri wasifu wa mwanasayansi mmoja wa Uingereza. Kilikuwa kitabu changu cha pili, na siku za kukikabidhi zilikuwa zimenibana. Neno lenyewe la Kiingereza lilikuwa "exhibition", na sikuliona kuwa neno la kufungulia kamusi. Nikamjibu kwamba huenda yalikuwa maonyesho ya sayansi ya wanafunzi, kijana akaibuka mshindi.

Akavua miwani. "Hilo limeandikwa wapi?"

Halikuandikwa popote. Nilikuwa nimelitunga papo hapo ili sentensi yangu isimame, na kwa mfasiri sijui kosa zito kuliko hilo. Nilisema, "Nisamehe, mama." Hakunigombeza. Alishusha kamusi nene kutoka rafuni, akaiweka mbele yangu, akarudi kwenye karatasi zake.

Nikaanza na kitenzi "exhibit". Asili yake ni Kilatini, "exhibere": "ex" ni nje, "habere" ni kushika au kuwa na kitu. Kwa hiyo ni kukishika kitu na kukitoa nje, mkono ukinyooshwa mbele ya mtu mwingine. "Prohibit", kukataza, na "inhibit", kuzuia, ni ndugu zake wa damu. Nao umo mkono ndani yao, ila huo unashika ili kitu kisipite. Nilikuwa nimeyatumia maneno hayo matatu miaka mingi bila kuuona udugu wao.

Maana nilizozijua zilikuwapo zote: kuonyesha, kitu kilichowekwa makumbusho watu wakitazame, na kielelezo kinachopokelewa mahakamani. Maana niliyoikosa ilikuwa chini zaidi, kwenye jina "exhibition": masurufu, posho ya kumtunza mtu. Warumi walikitumia kitenzi hicho hicho kwa kumpa matunzo mtu anayekutegemea, na Kiingereza kikairithi maana hiyo. Vyuo vya Oxford na Cambridge vikaliita hivyo fungu la fedha apewalo mwanafunzi kwa ubora wake, dogo kuliko lile linaloitwa "scholarship". Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, anaiweka maana ya posho mara tu baada ya ile ya kuonyesha, na anawataja wanafunzi wa chuo kikuu. Shakespeare naye analo. Katika mchezo wake wa mabwana wawili wa Verona, baba anamtuma mwanawe ugenini na kumwahidi "exhibition" sawa na matunzo ambayo rafiki yake anayapata kwao. Hapo hapana kitu cha kutazamwa. Ni fedha za matumizi ya kijana.

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Lililonishika ni kwamba mkono ni uleule. Ukinyooshwa na kitu ili mtu akitazame, ni onyesho. Ukinyooshwa na kitu ili mtu akipokee, ni posho. Nikakumbuka kwamba sisi tuna kitenzi kinachobeba hayo yote bila kuchoka. Tunatoa kitu sandukuni, tunatoa kielelezo mahakamani, tunatoa posho, tunatoa sadaka. Nilikuwa nimekwenda mpaka kwa Warumi kutafuta kitu ambacho "kutoa" kingeninong'oneza nyumbani, laiti ningeuliza kwanza kijana yule alitolewa nini na nani.

Nilimwambia mama hivyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tuandike alichopewa."

Tukabishana juu ya neno. Mimi nilitaka "masurufu", kwa sababu lina harufu ya safari na kijana alikuwa anaondoka kwao. Yeye alisema msomaji atadhani ni nauli. "Posho" ilimfanya aonekane kibarua. Mwisho tukaandika: "alipata ufadhili mdogo wa masomo wa Oxford, uliotolewa kwa ushindani." Ni ndefu, wala haina uzuri wa neno moja, lakini ni kweli.

Jioni ile nilichukua kitabu changu cha kwanza, kilichokuwa kimeshachapwa na kusambazwa. Nilijua ninachokitafuta. Katika sura ya nne, mchungaji mmoja anafika Cambridge "baada ya kushinda maonyesho". Watu walikuwa wameshaisoma sentensi hiyo na kuniamini. Usiku huohuo nilimwandikia mchapishaji barua, nikataja ukurasa, mstari, na maneno yanayopaswa kuwekwa.