Mama na masaa ya angani

Jana binti yangu alikuwa na homuweki ya jografia, akachukua simu yangu akatafuta umbali wa Entebbe mpaka Mumbai, India, nadhani aliichagua kwa sababu ya bibi yake. Ikaja kama kilomita 4,900. Akaniuliza ni masaa mangapi, nikamwambia kama sita hivi kwa ndege isiyotua njiani. Akaandika, akageuza ukurasa, mimi nikabaki na Mama kichwani.

Ilikuwa Novemba 2024. Moyo wake ulikuwa umechoka, barua ya hospitali ya India imefika, michango ya ukoo imepatikana, viza ipo. Kilichobaki ni kumtoa kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mpaka Kampala. Na ndio kipindi kile daraja la Karuma, la kuvukia Nile, limefungwa kwa matengenezo, tangu Septemba mpaka karibu na Krismasi, gari zote za West Nile, mkoa wetu, zinazunguka. Siku za kawaida mtu anatoka Arua asubuhi, jioni yuko Kampala, ni karibu kilomita 500, lakini safari ile ilimchukua Mama usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Alishuka kwenye basi miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Mama yangu, peku, katikati ya Kampala! Sikuwahi kumwona hivyo.

Mambo ya uwanja wa ndege wa Entebbe nayaruka, foleni na makaratasi kila mtu anayajua.

Ndani ya ndege hakutaka sinema. Alitaka ramani tu, ile ya kwenye skrini mbele ya kiti, na macho hakuyatoa hapo. Tukaiacha Kenya, tukaingia Somalia, halafu nchi kavu ikaisha na skrini nzima ikawa buluu. Akanigusa mkono.

"Mwanangu, hii yote ni maji?"

"Ndiyo Mama. Bahari ya Arabu. Mpaka India."

Zaidi ya nusu ya njia ile ni bahari, hakuna pa kusimama, hakuna anayepanda wala kushuka. Akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, mkono wake uko juu ya wangu, una baridi. Alipomaliza akauliza imebaki masaa mangapi. Nikaangalia, nikamwambia matatu.

"Matatu tu?"

"Matatu tu, Mama."

Akakaa kimya kitambo huku anajikanda goti. Kisha akasema, polepole kabisa, kwa jina la zamani la Mumbai, "Basi Bombay ni karibu kuliko kwetu."

Nilitaka kumwambia ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, kwamba angani hakuna kona wala daraja la kufungwa, kwamba kwa kilomita India ni karibu mara kumi ya Arua. Nikashindwa. Miguu yake ilikuwa imeshapiga hesabu yake, na sikuona pa kuikosoa.

Tukatua. Saa za kule ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, kwa hiyo kitu cha kwanza alichouliza ni swala. Operesheni ilikwenda salama alhamdulillahi, tukarudi nyumbani.

Karuma ilifunguliwa Desemba ileile na basi zinapita. Lakini nikimpigia kumwambia daktari wa Kampala anataka kumwona, hakubali mpaka aniulize barabara ikoje siku hizi, imenyesha, kuna malori yamekwama? Juu ya ile safari ya India hajawahi kuniuliza swali kama hilo, na mpaka leo sijui nimjibu nini.