Kitalu cha miche kiingie kwenye ratiba

Walimu wenzangu wa Mbale na Bududa, mashariki mwa Uganda, kitalu cha shule kisiachiwe klabu ya Ijumaa. Ni somo la hesabu na sayansi kabisa! Darasa la nne wapime uwiano: ndoo 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza vizuri, 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Darasa la sita wakokotoe asilimia ya mbegu zilizoota.

Miche mingi huuawa na maji mengi, si kiu: shina huoza pale linapogusa udongo. Toboeni viriba (vifuko vya kuoteshea miche) chini, mwagilieni asubuhi. Wiki 4 kabla ya mvua za Machi, punguzeni kivuli na maji taratibu. Siku ya kupanda, vueni kiriba. Kikiachwa, mizizi hujisokota.