Ukitaka kuongea tabianchi na babu yako, anza na mvua

Kuna jambo linaniuma siku nyingi kuhusu namna sisi vijana wa Dodoma tunavyoongea na wazee wetu habari za mabadiliko ya tabianchi. Semina hapa mjini hazikosi, makao makuu ya nchi haya, ukumbi unajaa vijana wenye tisheti, maazimio yanasomwa, picha zinapigwa, alafu Jumamosi kijana yule yule anapanda basi kwenda kwao Bahi au Chamwino, anashinda na babu yake chini ya mti mchana kutwa na hilo jambo halitajwi kabisa. Likitajwa linakuwa ugomvi. Kijana anasema nyie ndo mlimaliza miti, mzee anasema nyie mmeacha mila ndo maana mvua haiji, basi wanaachana hapo kila mtu na lake.

Mi naona tunaanzia pabaya. Mzee wa Ugogo huwezi kumfundisha ukame. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, milimita 500 na kitu mpaka 600 kwa mwaka wa kawaida, ikiharibika imeharibika mpaka mwakani, kwahiyo mtu aliyelima hapa maisha yake yote mvua anaijua vibaya mno. Babu yangu hoja yake kubwa ni hii: "Mjukuu wangu, njaa zilikuwepo kabla ya hayo magari yenu." Alafu anaanza kuzitaja. Ukame wa miaka ya 1970 anao kichwani aliuona mwenyewe, na ile njaa kubwa ya Ugogo inayoitwa Mtunya, ya 1917 mpaka 1920, alisimuliwa na mama yake. Sasa wengi wetu tukifika hapo tunanyamaza au tunamwona mzee mbishi. Lakini hoja yake ni ya kweli na inahitaji jibu la kweli.

Na jibu lenyewe liko ndani ya hiyo Mtunya. Ile njaa haikuletwa na jua peke yake, ilikuwa vita ya Wajerumani na Waingereza, majeshi yote mawili yalipita huku yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana kwenda kubeba mizigo, alafu ndo mvua ikakataa juu ya watu ambao vihenge vyao vilishakombwa. Nilipomuuliza babu vita ilihusikaje alinieleza mwenyewe vizuri kuliko mwalimu yeyote. Basi nikamwambia babu, hata sasa ni hivyo hivyo, ukame wa asili upo, haujaondoka, ila kuna watu wamefanya jambo mbali huko linaufanya uwe mkali zaidi. Hapo alinyamaza akafikiri. Hakubishana tena siku hiyo.

Jambo lingine ambalo wazee wanalo na sisi hatuna ni kipimo. Utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ukisema mvua "wastani hadi chini ya wastani" huo wastani ni wa miaka 30, 1991 mpaka 2020. Mimi nimezaliwa humo humo, hili joto la Novemba kwangu ndo hali ya kawaida, tulizaliwa tukalikuta. Babu yeye anakumbuka kabla ya hapo. Anakumbuka korongo lililokuwa na maji ya kuchimba kwa mkono mpaka Agosti, anakumbuka mvua ya kwanza ilikuwa ya kulainisha ardhi, saivi anasema inakuja siku moja inabomoa, alafu wiki tatu kimya. Na hicho anachokisema ndicho wanasayansi wanachokisema, hewa ikipata joto nyuzi moja zaidi inabeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi, kwahiyo inakausha ardhi kwa nguvu na siku ikiachia inaachia yote. Waliokuwepo mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 wanajua yale maji yalivyoikata reli ya kati pale kati ya Kilosa na Gulwe.

Hewa ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda ikashika joto, nilimweleza kwamba dunia ni kama mtu aliyejifunika blanketi la pili bila kuvua la kwanza. Akauliza: nani kalileta hilo la pili? Nikamwambia nchi za viwanda, Ulaya, Marekani, saivi na China, Afrika nzima mchango wetu ni kama asilimia 4 tu. Akaniangalia. "Sasa mbona semina mnakuja kuifanya kwangu?"

Swali hili naomba kila kijana mwanaharakati akae nalo, maana wazee wetu wameshaamrishwa sana. Mkoloni aliwalazimisha kuchimba matuta. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ya 1970 na 1971 iliwatoa kwenye maboma yao yaliyotawanyika ikawakusanya vijijini, na miti inayozunguka vijiji vile ikaisha kwa kuni na kujengea. Kondoa ukaja mradi wa serikali wa kuhifadhi ardhi, HADO, 1973, na 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye lile eneo lililomomonyoka. Ardhi kweli ilipona, majani yalirudi, lakini kuna watu waliondoka na ng'ombe wao hawakurudi. Kwahiyo mzee akikuona na tisheti yako na neno "mazingira" anasubiri tu kusikia safari hii anakatazwa nini.

Mi saivi siongei naye habari za dunia kwanza. Naongea Desemba tunapanda nini. Na hapa ndo utashangaa, maana anayetaka mahindi nyumbani kwetu ni sisi vijana na baba, babu anataka uwele. Uwele unavumilia, mvua ikikatika wiki mbili unasubiri, mahindi yakikosa maji yakiwa yanatoa mbelewele ndo basi tena, na wataalamu wa kilimo wanasema kama babu. Tatizo ni kweleakwelea. Zamani watoto walishinda shambani kufukuza ndege kuanzia alfajiri, saivi wako shule, sisi tuko mjini, na bibi hawezi kukimbia na kombeo. Mtu anasema wazee hawataki kubadilika, kumbe mzee ana jibu anakosa mikono! Msimu uliopita tuligawana zamu na binamu zangu, kila wikiendi wawili wanaenda kulinda, na siku za katikati tukachanga kumlipa kijana wa pale jirani. Uwele tuliupata. Mahindi ya bondeni yalitoka kidogo, ya juu yaliungua yote.

Na miti pia nimejifunza kwake. Miche tunayopanda kwenye kampeni mingi inakufa ikifika Agosti, hamna wa kuimwagilia. Babu yeye alichutama kwenye kisiki cha mgunga kilichojaa machipukizi yamebanana, akayashika moja moja akiyatingisha, akaacha matatu yaliyonyooka yanayotokea chini kabisa, mengine akayakata kwa kisu akielekeza juu ili gome lisichanike, akachana kitambaa cha kanga iliyochakaa akafunga kwenye yale matatu ili mchunga mbuzi ajue huu una mwenyewe. Wanaita kisiki hai, sasa hivi kinafundishwa vijiji vingi Dodoma. Mizizi iko chini tayari imeshafika kwenye maji, ndo maana unakua haraka kuliko mche wa kwenye kopo. Nilimuuliza kwanini hakuwahi kutuonyesha. Akasema hakuna aliyeuliza.

Kinachobaki kwetu ni mkaa. Serikali inataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, mimi nikamnunulia bibi mtungi mdogo wa gesi, anautumia kwa chai. Ugali na maharage anarudi kwenye mkaa kwasababu mtungi ukiisha mpaka aende mjini kuubadilisha na hela inatakiwa yote kwa pamoja, mkaa anauziwa kopo pale pale mlangoni. Ana hoja. Mwezi ujao tunakaa na mama na shangazi tuone kama tunaweza kuchanga hela ya mtungi kila mwezi, na bibi amesema na yeye atakuwepo kwenye hicho kikao, tusije tukaamua bila yeye.